Funga ngitili yako kabla nyasi hazijaisha

*Ajira, kibanda, vikoba, masomo ya jioni, na mume aliye mgodini siku 14. Nilijiona mchapakazi kuliko wote Kambarage, mpaka siku binti yetu alipompelekea baba yake glasi ya maji.*

Hebu nikuulize, msomaji wangu. Ni lini mara ya mwisho uliketi na mwenzako, simu ziko mbali, mkapiga stori zisizokuwa na ada ya shule, kodi ya nyumba wala marejesho ndani yake? Kama hukumbuki, usijisikie vibaya. Tuko wengi. Mwenyewe nilikuwa kinara.

Mimi ni mkazi wa Kambarage, hapa Shinyanga mjini. Jina hilo mashabiki wa soka wanalijua kwa ajili ya uwanja wetu, ambao Stand United, wale Wapiga Debe wa Shinyanga, waliutumia walipokuwa Ligi Kuu kati ya mwaka 2014 na 2019. Kwa kazi ni mhasibu kwenye ofisi moja ya binafsi. Mume wangu ni fundi mitambo, ameajiriwa na mkandarasi mmoja anayefanya kazi mgodini upande wa Geita. Siku 14 yuko kazini, siku 7 yuko nyumbani. Nyie wenye wenzi migodini mnaijua hiyo rosta. Kalenda ya ukutani imejaa alama za kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi mtoro.

Sasa sikia ratiba yangu ya wakati ule. Saa kumi na nusu alfajiri niko macho, nafungua kitabu cha CPA. Saa moja na nusu niko ofisini. Mchana, wenzangu wakienda kula, mimi napitia kwenye kibanda changu cha wakala wa fedha za simu kuangalia kama msichana ana salio la kutosha. Jioni nafunga hesabu za kibanda. Jumamosi ni vikoba, na mimi ndiye mweka hazina. Jumapili baada ya ibada, nafua, napika vya wiki nzima, najibu meseji za bosi. Watu wakinisifu: "Dada, wewe unaweza!" Nami kichwa kinavimba.

Vitabu vya mafanikio pia nilikuwa navyo. Kile maarufu cha Stephen Covey cha mwaka 1989, kinachoeleza tabia saba za watu wenye ufanisi, nilikisoma ndani ya basi la Mwanza. Tabia za kupanga na kuweka malengo nilizipigia mstari. Ile ya saba, inayohusu kunoa msumeno, yaani kujipumzisha na kujijenga upya, niliiruka. Sikuwa na muda!

Hofu ndiyo iliyokuwa bosi wangu

Ukiniuliza kwa nini nilijibebesha yote hayo, nitakujibu kwa ukweli: woga. Sisi watu wa ukanda huu wa dhahabu tumeona mengi. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009, mwaka 2021 ukafikia mwisho wake. Miaka 12 tu! Kuna watoto waliozaliwa unafunguliwa, wakamaliza darasa la sita unafungwa. Hakuna aliyekosea, dhahabu huchimbwa ikaisha, ndiyo asili yake. Lakini kwa familia inayoishi kwa mshahara wa mgodi, habari kama ile inakukosesha usingizi.

Basi tukaambiana na mume wangu, tuchume tukiwa na nguvu. Yeye akawa anakubali kila saa ya ziada anayopewa. Mimi nikawa naongeza shughuli kila zikipungua zake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi tukachuma juani kweli kweli, ila kivulini hatukufika.

Fanya hesabu kidogo. Siku 14 za shifti ya saa 12 ni saa 168. Ukizigawanya kwa wiki tatu za mzunguko, pamoja na zile siku 7 za ofu, unapata wastani wa saa 56 kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walitoa taarifa kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Mume wangu alikuwa ndani ya kundi hilo kwa kazi moja. Mimi, ukijumlisha ofisi, kibanda, vikoba na masomo, nilikuwa nimempita, tena bila siku 7 za ofu.

Glasi ya wageni

Ilikuwa Jumanne jioni, mwaka 2024. Mume wangu ameingia kutoka Geita, vumbi mpaka kwenye kope. Kaketi kwenye kochi. Binti yetu, wakati huo ana miaka mitano, akakimbilia kabatini. Unalijua lile kabati la sebuleni lenye vyombo ambavyo haviguswi mpaka aje mgeni? Akatoa glasi yenye maua, akaijaza maji, akaiweka kwenye trei, akapiga goti na kumkaribisha baba yake kwa adabu zote.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo si ya wageni?"

Akanijibu bila wasiwasi, "Ndiyo mama. Si ulisema mgeni akija tumpe hii?"

Mume wangu alicheka. Akamshukuru, akanywa. Usiku, taa imezimwa, nikadhani amelala, nikamsikia anasema, "Mama, hivi mimi nyumba hii namjengea nani?" Sikuwa na jibu. Na kibaya zaidi, nilikuwa nahesabu kichwani marejesho ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo ndiyo ikanimaliza. Tulipofungua sanduku la vikoba mbele ya kina mama, pesa hazikulingana na daftari langu. Pungufu laki tatu na arobaini. Mimi, mhasibu! Tulihesabu mara tatu. Hakuna aliyesema neno, na ule ukimya ulinichoma kuliko matusi. Baadaye niligundua niliandika marejesho ya mtu mmoja mara mbili, wiki ambayo nilikuwa nalala saa nne kwa usiku. Pesa haikuibwa, haikuwahi kuwepo. Lakini mpaka nilipolithibitisha hilo nilikuwa nimeshalipa kutoka mfukoni, na jina langu limeshazunguka mtaa mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo WHO walikuwa wamelieleza tangu mwaka 2019, walipouweka uchovu mkubwa wa kazi kwenye orodha yao ya kimataifa ya magonjwa. Hawakuuita ugonjwa, waliuita hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: unaishiwa nguvu, unaanza kuichukia au kujitenga na kazi yenyewe, na ufanisi wako unashuka. Hiyo ya tatu isome tena. Mimi niliyekuwa najitesa ili niwe na ufanisi, mateso yenyewe ndiyo yalikuwa yanautafuna.

Somo kutoka kwa mama mkwe

Mwezi wa pili mwaka uliofuata tulikwenda kijijini kwao mume wangu, Shinyanga Vijijini, kusalimia. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri. Asubuhi nikamsindikiza mama mkwe kuchuma mboga. Tukapita pembeni ya eneo limejaa nyasi ndefu na miti, kijani kitupu. Ng'ombe wao walikuwa wanapita kando kando, hawaingii, na kijana mchungaji anawasukuma wasisogee.

Nikamuuliza, "Mayu, nyasi zote hizi, mbona ng'ombe hawaingii?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa mjini. "Hii ni ngitili, mayu. Siyo ya leo. Ni ya mwezi wa nane."

"Kwa hiyo mnaifunga lini?"

"Mvua ikianza tu. Nyasi zikiwa nyingi, ndipo unafunga. Ukisubiri ziishe ndiyo ufunge, utafunga vumbi."

Msomaji wangu, nilisimama na kikapu mkononi. Mama yule hakuwa ananihubiria. Alikuwa anaeleza mambo ya ng'ombe, akaendelea na nsansa zake. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokosa kwenye vitabu vyote.

Kwa wasiofahamu, ngitili ni utaratibu wa jadi wa Wasukuma. Familia au kijiji kinatenga eneo, kinalifunga lisichungwe wakati wa mvua, kisha kinalifungua kidogo kidogo wakati wa kiangazi malisho ya kwingine yanapokwisha. Humo humo unapata kuni, nyasi za kuezekea, dawa za miti shamba, matunda ya porini na asali.

Na historia yake inatuhusu sana sisi wakimbizana na maisha. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Misitu ilifyekwa kuondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mifugo ikawa mingi kuliko ardhi, na watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja miaka ya 1970, ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Kila mtu aliogopa njaa, kwa hiyo kila mtu akataka ng'ombe zaidi na shamba zaidi. Wingi ule ule waliouona kama kinga ndio ukawamalizia malisho.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ajabu yake ni kwamba haukufanikiwa kwa kupanda miche peke yake. Ulifanikiwa kwa kuwarudisha watu kwenye ngitili zao. Ukiifunga ardhi, visiki vilivyokuwa vimelala chini vinachipua vyenyewe. Kutoka hekta 600 hivi za ngitili katikati ya miaka ya 1980, mkoa ulifikisha zaidi ya hekta 300,000 miaka ya mwanzo ya 2000, kwenye vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nikawaza: kama jangwa liliweza kuota miti kwa kuachwa lipumzike, ndoa yangu je?

Tulichofanya, hatua kwa hatua

Tulirudi mjini na mume wangu akiwa na siku mbili za ofu zimebaki. Tukageuza kalenda ya mwaka uliopita, tukaandika nyuma yake. Nakupa kama tulivyofanya, uchague yanayokufaa.

*Kwanza, tulihesabu ng'ombe.* Tuliorodhesha kila kitu kinachokula muda wetu. Vikafika 11. Kila kimoja tukakiuliza swali la mfugaji: huyu anatoa maziwa, au anakula nyasi tu? Uweka hazina wa vikoba nikaukabidhi, nikabaki mwanachama wa kawaida mwenye hisa zake. Kibanda nikamuuzia yule yule msichana aliyekuwa ananisaidia, kwa malipo ya awamu. CPA sikuiacha, ila badala ya kujisajili masomo manne kwa mkupuo nikaanza kuchukua mawili. Mume wangu naye akapunguza kukubali saa za ziada kila zinapotangazwa. Sasa anakubali zenye sababu, kwa mfano mwezi wa ada.

*Pili, tulifunga wakati wa mvua.* Kosa letu la zamani lilikuwa kupumzika tukiwa tumeshakufa. Mimi nikafunga Jumatano jioni, kuanzia saa kumi na mbili: hakuna kitabu, hakuna hesabu, hakuna simu ya kazi. Nikaichagua Jumatano kwa makusudi, kwa sababu katikati ya wiki bado nina nguvu za kucheka na mwanangu. Ijumaa ninayokuwa nimechoka hoi, hata kupumzika kwenyewe siwezi.

Zile siku 7 za mume wangu nazo tukazigawa. Siku ya kwanza ni ya kulala. Anayetoka shifti ya usiku mwili wake unakuwa umepinduka, mchana ni usiku, kwa hiyo siku hiyo hakuna kumwambia bomba linavuja. Ya pili ni ya mtoto: anampeleka shule, anamchukua, wanakwenda kula miwa sokoni, wanavyojua wenyewe. Ya tatu jioni ni ya kwetu wawili. Ya nne ndiyo ya bomba, na jioni tunafanya kikao cha hela, saa moja tu, daftari likifungwa limefungwa. Zilizobaki ni huru, kwa ndugu, marafiki na mpira.

*Tatu, tuliweka walinzi.* Ngitili isiyo na mlinzi ni malisho ya jirani. Zamani mipaka yake ililindwa na wazee, dagashida wakakaa na kuamua faini, sungusungu wakaangalia nani kaingiza mifugo. Sisi mlinzi wetu wa kwanza alikuwa kopo la maziwa ya unga: anayeshika simu ya kazi ndani ya muda uliofungwa anatumbukiza shilingi 5,000. Mwezi wa kwanza kopo lilinona, na mchangiaji mkuu nilikuwa mimi. Binti yetu ndiye hakimu, na hana huruma hata chembe.

Mlinzi wa pili ni mazungumzo. Nilimwendea bosi wangu asubuhi, wakati ametulia, nikiwa na karatasi ya kazi nitakazomkabidhi kila Ijumaa. Nikamwomba meseji za baada ya saa moja usiku zibaki kwa dharura peke yake. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Mimi nilikuwa natuma nisisahau, sikujua unajibu usiku ule ule." Miaka miwili nimejikosesha usingizi kwa jambo ambalo mwenzangu hakuliomba!

Mlinzi wa tatu ni sheria, nawe uifahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Nikikuuliza likizo yako ya mwaka jana uliitumia siku ngapi, utanijibu?

*Nne, tunafungua kidogo kidogo.* Kiangazi kikija, mfugaji hafungui ngitili yote siku moja. Sisi zamani tulikuwa tunarundika ugomvi wa siku 14 tukaumwaga wote siku ya kwanza ya ofu, au tunarundika mapenzi yote tukataka yamalizwe wikiendi moja. Sasa kila jioni kabla hajaingia shifti tunaongea dakika kumi. Sharti ni moja: iwepo stori moja isiyohusu pesa. Mwanzoni tulikuwa tunakosa la kusema, tunasikilizana pumzi kwenye simu kama wachumba wapya. Siku moja akanieleza dakika kumi nzima habari za paka aliyehamia karakana yao. Sijui kwa nini, nilikata simu nina furaha wiki nzima.

Muda ukiokolewa unakwenda wapi?

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria. Kwa mtu anayetoka Geita kupitia Sengerema kuja huku kwetu, ilikuwa sikukuu. Kusubiri kivuko kulikuwa kunaweza kumla mume wangu saa mbili au tatu. Sasa anavuka kwa dakika chache.

Safari ya kwanza alifika mapema, tukafurahi. Ya pili alifika mapema, akapita kwanza kwa washikaji stendi. Ya tatu aliokoa saa mbili na nusu, akazimalizia kwenye kochi na simu mkononi! Tukacheka, lakini tulijifunza. Muda unaookolewa bila kufungiwa ni kama uwanda usio na mpaka, ng'ombe wa kwanza kupita ndiye anayeula. Siku hizi zile saa mbili zina jina: tunakula chakula cha jioni pamoja ile siku anayofika, halafu ndiyo alale.

Usidhani haya ni mambo ya hisia tu. Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kinaendesha utafiti ulioanza mwaka 1938, ukiwafuatilia watu maisha yao yote. Baada ya miaka zaidi ya 80, jambo linalojitokeza kwa nguvu kuhusu nani anazeeka na afya na furaha ni ubora wa mahusiano yake na watu wa karibu. Cheo na kipato vinasaidia, ila havijalishika hilo nafasi.

Nisikudanganye

Haya yamenigharimu. Kibanda kilikuwa kinaniingizia kama laki moja na elfu themanini kwa mwezi, sasa sizioni. CPA yangu itachelewa mwaka mmoja au zaidi, na wenzangu niliosoma nao wameshaanza kujiandika herufi tatu mwisho wa majina yao. Wifi mmoja alisema nimekuwa mvivu. Na kuna ofu mume wangu aliitwa kazini siku ya nne, mtambo umeharibika, ngitili yote ikachungwa. Tulinuna, tukafunga upya mzunguko uliofuata.

Na najua kuna anayesoma hapa akisema, dada, wewe una bosi wa kuongea naye. Mimi ni mama lishe, mimi ni bodaboda, mimi ni mchimbaji mdogo ninayelipwa mawe yakitoka. Ni kweli, na sitakwambia ufunge biashara Jumatano. Lakini ngitili za familia nyingi ni ndogo tu, nyuma ya nyumba, wala si pori. Nusu saa uliyoifunga kila siku na ukailinda inazidi wikiendi nzima unayoiota. Na kama umeajiriwa na unanyimwa hata siku ya mapumziko iliyo kwenye sheria, hiyo haihitaji uvumilivu, inahitaji chama chako cha wafanyakazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Jiulize leo, na mwenzako ajiulize

1. Ni shughuli gani tunazishikilia kwa sababu ya hofu, na si kwa sababu zinatulisha?
2. Ni saa zipi za wiki tukiwa bado na nguvu, na nani anazila?
3. Nani atakuwa mlinzi wetu, na faini ni kiasi gani?
4. Mgodi, ofisi au biashara ikifungwa kesho, tutabaki na nini ndani ya nyumba hii?

Hilo la nne sisi ndilo tuliloanza kulijibu mwisho, na ndilo lililokuwa linatukimbiza tangu mwanzo. Bado tunaweka akiba, bado tunaogopa kidogo. Ila tumeacha kuilisha hofu kila kitu tulichonacho.

Mtaa wetu, kama uwanja, unabeba jina alilopewa Mwalimu Nyerere alipozaliwa Aprili 1922. Inasimuliwa kwamba siku hiyo mvua ilinyesha, wakamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Mvua zikianza mwaka huu, kabla hujafurahia kwamba mambo yananyooka na hela inaingia, kumbuka kwamba huo ndio wakati wa kufunga.

Wiki iliyopita mume wangu aliingia kutoka Geita, vumbi mpaka kwenye kope kama kawaida. Binti yetu akaenda kumletea maji. Nikamtazama anapita kabatini bila hata kugeuka, akaenda jikoni, akarudi na kile kikombe cha plastiki cha bluu kilichokatika mkono, tunachonywea sote. Akamkabidhi baba yake, akapanda kochini kukaa naye. Baba akanywa yote, akaomba tena.